Daftari la Vipimo

Kiuno inchi ishirini na tisa. Kifua thalathini na nne.
Mkono wa kushoto umemzidi wa kulia kidogo,
mwalimu wa hesabu, huandika ubaoni kwa shoto.
Ndivyo nilivyomtia Kai Ngwali ukurasa wa tatu
mwezi ule aliochukua fomu.
Suti ya kijivu. Nusu taslimu, nusu akishashinda.
"Fundi Shineni, mifuko ya ndani iwe minne.
Watu wa Wete wana barua."

Na kweli walikuwa nazo.
Ijumaa akitoka msikitini kavimba makaratasi:
sare za skuli, kijana kakamatwa Konde,
dawa ya pumu, mikarafuu inayogombewa na ndugu wawili.
Hitima hazikumpita, hata za asiowajua.
Alikula na watu, akauliza chini chini
kama marehemu kaacha deni.

Muhula wa pili: thalathini na tatu.
Wa tatu: thalathini na saba,
na gari mlangoni haizimwi injini.

Alipopewa unaibu waziri sikumpima dukani tena.
Nilipanda boti mpaka Unguja, futi shingoni,
nikangoja ukumbini pamoja na wenye shida zao,
kisha nikamzunguka kama mtu anayefunga gunia la karafuu.
"Mifuko ya ndani?"
"Toa. Inaharibu mkao."

Mwaka huo huo akapelekwa Ayalandi, ujumbe wa watu sita.
Akarejea na yadi nne za sufu, rangi ya jani kavu la mgomba,
zawadi ya mbunge wa huko, mzee mwekundu,
Bwana Donaka, miaka thalathini na moja kitini.
"Fundi, kwao mvua haikatiki.
Na mbunge asiyeonekana mazikoni hapigiwi kura!
Mzee yule mashimo ya barabara zake
anayajua moja moja, kama meno yake."
Akacheka. Na mie nikacheka, pini mdomoni,
nikizikumbuka hitima tulizokula bila yeye.

Sufu nzito, blanketi la hospitali.
Nilishona siku tano, jasho likinidondokea kitambaani.
Mfuko mmoja wa ndani nikautia bila kuulizwa,
upande wa moyo,
na ndani ya mfuko karatasi, mikunjo minne:
*Daraja la bondeni limeoza. Watoto wa skuli wanavuka majini.
Masika haya mtoto wa Mwanakhamis kachukuliwa na maji.
Kaokolewa. Mkoba haukupatikana.*
Nilijifanya mjanja. Mtu akisimama kusema
mkono humwenda kifuani wenyewe, kutafuta miwani au maneno.

Aliivaa siku moja tu, Barazani Chukwani.
Nilimsikiliza redioni, cherehani nimeisimamisha.
Dakika ishirini na mbili, zote za utalii.
Akakaa. Wakapiga meza.

Uchaguzi uliofuata alianguka kwa kura kumi na tisa.
Bwana Donaka naye, nasikia, aliangushwa kwa tatu,
wakazihesabu mara nne.

Jana Kai kaja kwa miguu, suti mkononi ndani ya mfuko wa plastiki.
"Ipunguze, imwenee mjukuu. Kapata kazi benki."
"Benki gani yenye baridi hiyo?"
Hakujibu. Nikampima yeye, kwa mazoea tu:
ishirini na tisa.
Sikuandika.

Nikafumua bitana. Karatasi ikaanguka,
imenyooka kwa pasi yangu mwenyewe.
Niliiwahi kwa mguu; aliiwahi kwa mkono.
Mkono wa shoto.
Akatafuta miwani, akasimama wima
baina ya meza ya pasi na marobota ya vitambaa:

"Mheshimiwa Spika..."

"Kai," nikamwambia, "daraja lilishajengwa.
Kalijenga yule aliyekushinda."

"Najua," akasema. "Napita juu yake kila siku.
Kaa, fundi. Nimalize hoja."